Vifaa Vyote Vimerudi Isipokuwa Sahani

Shajara ya mtunza maabara, ziara ya mafunzo Rumonge, Septemba 2025

Jumapili, tarehe 7

Mkuu wa idara ameagiza kila kifaa kinachotoka maabara kiandikwe, na kila litakalokipata liandikwe pia. Daftari nimenunua kwa fedha yangu. Risiti nimeiweka.

Vinavyotoka ni hivi: kipimajoto, kipimo cha oksijeni, chupa za sampuli, wavu wa planktoni, yaani soksi ndefu ya kike iliyoshonewa kwenye duara la waya, kamba ya nailoni ya mita 50 iliyotiwa alama ya wino kila mita, na sahani ya Secchi. Sahani ni mfuniko wa ndoo ya rangi uliopakwa robo nyeusi na robo nyeupe, na chini yake imefungwa nati ya lori ili izame. Betri ya kipimo cha oksijeni nimeijaribu. Imewaka.

Usiku huu mwezi umepatwa. Kuanzia saa moja na nusu hadi karibu saa tatu ulikuwa mwekundu mzima. Wanafunzi wa fizikia wamewaeleza wenzao wa baiolojia kwamba mwezi haupatwi ila ukiwa mpevu. Wote wameandika. Hakuna aliyeuliza swali.

Jumatatu

Kuondoka kulipangwa saa kumi na mbili asubuhi. Tumeondoka saa tano.

Mchungaji wa chuo aliombea dereva, magurudumu, barabara, ziwa na mafuta. Vyote vilikuwepo isipokuwa mafuta. Dereva alitoweka na bidoni mbili tupu, akarudi nazo zimejaa. Hakuna aliyemuuliza kazitoa wapi. Mchungaji alishukuru kwa jumla, bila kutaja jambo moja moja.

Mugere, kilomita chache kusini ya Bujumbura, tulisimama kwenye jiwe la Livingstone na Stanley. Juu yake imechongwa tarehe 25 Novemba 1871. Kijana mmoja alijitolea kutueleza kwamba hapa ndipo wazungu hao wawili walipokutana. Profesa anayeongoza ziara akasema walikutana Ujiji tarehe 10 ya mwezi huo, kisha wakaja huku kwa mtumbwi. Kijana akasikiliza hadi mwisho, akasema bei ya maelezo haibadiliki. Tukalipa.

Profesa akaongeza kwamba wale wawili walikuja kaskazini ya Ziwa Tanganyika na swali moja tu: Rusizi inaingia ziwani au inatoka? Wakafika mdomoni pa mto, wakaona inaingia, wakageuza mtumbwi. Mpango wetu wa kazi una maswali 14.

Rumonge iko zaidi ya kilomita 70 kutoka Bujumbura, na barabara ina sehemu zinazofaa kupitwa polepole na sehemu zinazofaa kuzungukwa. Tumefika magharibi. Chakula katika nyumba ya wageni ya kanisa: ugali, sombe lililoungwa kwa mawese ya hapa hapa, na ndagala, yaani dagaa wa ziwa hili. Wanafunzi wa takwimu wamehesabu ndagala kwa kila sahani na kulalamikia mgawanyo.

Kifaa kilichoharibika: hakuna. Kipimo cha oksijeni kinatoa mlio kikitikiswa. Zamani hakikuwa nao.

Jumanne

Barua yetu ya kuomba kibali imeelekezwa kwa Mheshimiwa Gavana wa Mkoa wa Rumonge. Mkoa wa Rumonge uliundwa mwaka 2015. Mwaka huu mikoa 18 ya Burundi imekuwa 5, na Rumonge imeingia mkoa wa Burunga, ambao makao yake ni Makamba. Anayeandikiwa hayupo, na cheo chake hakipo. Barua ilinakiliwa kutoka ile ya ziara iliyopita, wamebadilisha tarehe.

Karani wa tarafa aliisoma mara mbili kwa heshima zote. Akashauri tukate neno moja na kuandika jingine juu yake kwa mkono. Muhuri umepigwa juu ya masahihisho, kwa hiyo barua sasa ni halali na haisomeki.

Mchana tulitafuta kituo namba 1 cha kuchotea maji. Kwenye ramani yetu kiko ufukweni, chini ya mwembe. Ramani ilichorwa kabla ya ziwa kupanda mwaka 2024. Mwembe tumeuona. Umesimama ndani ya maji, umekauka, na ndege mweusi amekaa juu yake. Nyuma yake kuna ukuta wa nyumba iliyohamwa, na mstari wa maji umebaki ukutani karibu na dirisha. Mwanafunzi mmoja alipima urefu wa mstari huo kwa mkono wake, ingawa haumo katika maswali 14.

Usiku tulipangiwa kwenda na wavuvi wa ndagala kuona uvuvi wa taa. Saa mbili tulikuwa mwaloni na masweta na biskuti. Mitumbwi yote ilikuwa nchi kavu. Mzee tuliyepatana naye kuhusu mtumbwi alikuwa ameketi juu ya wake akishona wavu.

“Wanangu,” akasema, “ndagala anafuata taa kwa sababu kwingine kote ni giza. Leo mwezi huu, taa yangu ataiona ya nini?”

Mwezi ulikuwa umeshatoka, mkubwa, siku mbili tu baada ya kupatwa. Wanafunzi wa fizikia waliangalia chini. Mwanafunzi anayetoka Uvira akasema kwao mbalamwezi wavuvi wanakaa nyumbani, hata mtoto anajua. Akaulizwa kwa nini hakusema tangu Bujumbura. Akajibu yeye ni wa kemia.

Biskuti zimeliwa. Mzee amepewa mbili.

Jumatano

Siku ya ziwani. Mchungaji aliomba, Mzee akaitikia Amina, kisha akasema Bismillahi akasukuma mtumbwi. Injini ipo lakini petroli haipo. Tumekwenda kwa makasia, na kituo namba 3 kimesogezwa karibu na nchi kavu kwa kura.

Profesa alieleza kazi ya sahani. Unaishusha taratibu majini. Pale inapopotea machoni, unasoma kamba. Aliyeibuni mwaka 1865 ni Padri Angelo Secchi, Mjesuiti na mwanafalaki, aliyekuwa akipima maji ya Mediterania kutoka meli ya Papa. Mchungaji wetu aliigeuza geuza mkononi, akauliza kama kuna kifaa kingine. Akajibiwa kwamba Waprotestanti hawajaleta chao.

Kipimo cha oksijeni kimewashwa. Juu ya maji kimeonyesha sifuri. Mita moja chini, sifuri. Mita tano, sifuri. Wakati huo samaki wengi walikuwa wakipita chini ya mtumbwi. Profesa amesema kipimo hakikukosea sana, kimekosea mahali: upande huu wa kaskazini, ukishuka kiasi cha mita 100 hivi, oksijeni inakwisha kweli, na kuanzia hapo hadi sakafuni hakuna samaki anayeishi. Kina kikubwa cha ziwa hili ni mita 1,470. Sehemu kubwa ya Tanganyika, kwa hiyo, inakubaliana na kipimo chetu.

Wavu wa planktoni umefanya kazi nzuri kuliko vyote. Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliumimina kwenye bilauri, akaona kitu cha uteute kisicho na rangi, upana wa sentimita mbili, kinafunguka na kufumba. Akadhani bilauri haikuoshwa. Akamwaga ziwani. Profesa, aliyekuwa mbele ya mtumbwi, alikuwa wakati huo huo akieleza habari za yavuyavu wa Tanganyika. Kiumbe wa jamii ya baharini kukaa kwenye maji baridi kuliwashangaza wanasayansi wa karne ya 19, na konokono wa ziwa walifanana mno na wa bahari. Mwingereza J.E.S. Moore akaja kuchunguza mwaka 1896, akarudi tena, na mwaka 1903 akatoa kitabu kizima akidai ziwa hili lilikuwa mkono wa bahari. Dai hilo halikusimama. Yavuyavu yupo. Profesa alipogeuka kutuonyesha mfano, bilauri ilikuwa safi sana.

Wanafunzi waliulizia mamba Gustave, yule aliyepewa jina na Mfaransa Patrice Faye na kutolewa filamu mwaka 2004, anayesemwa ana zaidi ya mita sita. Wakataka kujua vipimo vyake hasa. Mzee akasema aliyekwenda na futi hajarudi kusoma.

Saa sita upepo wa kusini ulianza. Watatu wametapika, wawili kati yao wakiwa wamekaa upande unaoelekea upepo. Maandishi ya chupa za sampuli yameondoka yote. Zimebaki chupa za maji.

Alama za wino kwenye kamba nazo zimeondoka, kuanzia ile ya mita moja. Ikabidi Mzee ahesabu kwa pima, kifua wazi, mikono imenyooka. Sahani imepotea kwenye pima nne na nusu. Mwanafunzi mrefu wa fizikia alirudia kwa mikono yake akapata pima nne kamili. Mwanafunzi mfupi wa baiolojia akapata tano. Ziwa halikubadilika katika muda huo. Kwa kauli moja tumechukua mikono ya Mzee kuwa kipimo rasmi.

Alhamisi

Msitu wa Kigwena, kusini ya Rumonge kwenye njia ya Nyanza-Lac. Ni hifadhi ndogo ya hekta mia tano hivi, kwenye tambarare ya ziwa, na pembeni yake kuna mashamba hadi macho yanapoishia. Kazi ilikuwa kupima mzingo wa mashina. Utepe ulionunuliwa ni wa fundi cherehani, una sentimita 150. Miti iliyozidi hapo imeandikwa “150 na zaidi”. Kwa mujibu wa takwimu zetu, miti minene ya Kigwena yote inalingana.

Jioni kulikuwa na mjadala wa imani na sayansi, kama ilivyo katika ratiba ya chuo. Profesa alieleza kwamba ziwa hili lina umri wa takribani miaka milioni 9 hadi 12, na lina samaki wa jamii ya sikilidi zaidi ya aina 200, karibu wote hawapatikani mahali pengine duniani. Mwanafunzi akauliza kama aina zote hizo ziliingia safinani. Mchungaji akafikiri, akajibu kwamba samaki hawakuhitaji safina. Ukumbi ukakubali, na Profesa akakubali. Swali la miaka milioni 9 likaahirishwa hadi baada ya chakula. Chakula kimeendelea hadi muda wa kulala.

Ijumaa

Kabla ya kuondoka, Profesa aliona ni lazima tujue pima ya Mzee ni mita ngapi. Utepe wa fundi ulipitishwa kutoka ncha ya vidole vya kulia, ukaishia karibu na kiganja cha kushoto. Ikawekwa alama kwa kaa la mkaa, ukaendelea. Jumla sentimita 171. Mzee alisimama kimya muda wote, mikono wazi. Watoto wa mwaloni walidhani anashonewa kanzu.

Aliposhusha mikono akauliza: “Mwalimu, na hii sahani inawaambia nini?”

Profesa akamweleza. Ukijani ulio majini ndio chakula cha vidudu, na vidudu ndio chakula cha ndagala. Ukijani ukipungua, maji yanakuwa maangavu na sahani inaonekana mbali zaidi. Virutubisho viko chini, na upepo ndio unaovileta juu. Lakini maji ya juu yakizidi joto hayachanganyiki na ya chini. Mwaka 2003, Catherine O'Reilly na wenzake waliandika katika jarida la *Nature* kwamba, kwa sababu ya joto, uzalishaji wa ukijani ziwani huenda umeshuka kwa asilimia 20 hivi, jambo linaloashiria upungufu wa samaki wa kama asilimia 30.

Mzee akasema kwamba maji yakiwa meupe sana wavu hupanda mwepesi, hilo wanalijua tangu babu zao. Asilimia hawakuwa nayo. Kisha akaomba tumwachie sahani.

Fomu ya kuazima vifaa inataka namba ya usajili, mwaka wa masomo na dhehebu. Nimejaza: hana, hana, mvuvi. Profesa ametia saini. Mchungaji ametia saini kama shahidi.

Jumatano, tarehe 17, Bujumbura

Vifaa vyote vimerudi isipokuwa sahani. Kipimo cha oksijeni kimefunguliwa. Waya ulikuwa umekatika. Sasa kinasoma vizuri, na hewa ya maabara ina oksijeni ya kutosha. Ofisi ya fedha imekataa risiti ya daftari kwa sababu ya tarehe: ziara ilianza Jumatatu, daftari lilinunuliwa Jumapili.

Ripoti za wanafunzi zimeingia. Za oksijeni zimekataliwa, za chupa hazijulikani ni za wapi, za miti zinaishia 150. Zilizokubaliwa ni za sahani peke yake.

Tangu Jumamosi Mzee anatuma ujumbe kila asubuhi akitoka majini. Anaandika kifupi: pima nne. Pima nne na robo. Siku ya upepo: tatu. Natakiwa kuziingiza katika jedwali la idara, na jedwali halipokei mtafiti asiye na namba ya usajili. Nimempa namba ya sahani.

Ujumbe wa leo ni mrefu kuliko kawaida. Anasema jana sahani ilipotea kwenye pima tatu, leo imepotea kwenye nne na nusu, na upepo ulikuwa ule ule. Anauliza ni kwa nini. Nimempelekea Profesa simu. Ameusoma amesimama, akaketi, akausoma tena. Kisha akaomba mpango wa ziara ya mwaka ujao, akakata maswali yote 14, akaandika hilo moja. Penye nafasi ya tarehe ameandika: “Mzee apange.”