Trekta la Nchi ya Joto

Muuza matrekta mmoja wa mjini aliwahi kuniambia, huku akijipepea kwa kitabu cha risiti, kwamba kile kifaa cha kupasha hewa kabla ya kuwasha injini hakina kazi huku kwetu. "Hicho ni cha Ulaya, mzee. Sisi ni nchi ya joto." Akalifunga faili. Natamani nimkaribishe Makete usiku mmoja tu wa Julai, nimnyime blanketi la pili, halafu saa kumi na mbili asubuhi nimkabidhi ufunguo wa trekta aniwashie.

Hii habari ya nchi ya joto imetutesa sana sisi watu wa milimani. Shemeji yangu wa Dar es Salaam hunipigia simu kila Julai kunilalamikia baridi. Baridi yenyewe ni upepo wa baharini uliomfanya akumbuke kwamba ana sweta. Ananisimulia yote hayo wakati mimi nakwangua barafu kwenye kiti cha trekta kwa kifuniko cha dumu. Tuko jirani na Kitulo, huko kwenye uwanda ulio juu ya mita 2,600, ambako wageni hufurika msimu wa mvua kutazama maua. Wanapiga picha, wanapaita Bustani ya Mungu, wanashuka zao. Julai humwoni hata mmoja. Bustani tunaachiwa wenyewe, pamoja na umande ulioganda na majani ya viazi yaliyoungua kwa baridi.

Sasa lawama zangu nazipeleka kwa marehemu. Rudolf Diesel hakuzaliwa Tanga. Alizaliwa Paris kwa wazazi Wajerumani, na injini yake ilikuja kufanya kazi sawasawa mwaka 1897 kule Augsburg, mji ambao theluji wanaijua vizuri. Mtu wa namna hiyo, aliyekulia kwenye baridi, akakaa akabuni injini isiyo na plagi, inayotegemea joto la hewa peke yake! Hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka inabaki kama sehemu moja ya kumi na sita ya ilivyokuwa, inachemka kupita nyuzi 500, dizeli inanyunyiziwa, inawaka yenyewe. Mchana wa Morogoro jambo hilo linapendeza. Lakini alfajiri ya huku, chuma chote kimelala nje, na joto lile likizaliwa tu linanyonywa na kuta za silinda kabla dizeli haijafika. Ongeza na mwinuko: kwenye mita 2,700 hewa yenyewe imepungua kwa karibu robo ukilinganisha na pwani. Kwa hiyo tunabana kidogo, tena cha baridi. Bwana Diesel alitoweka melini mwaka 1913 akivuka kwenda Uingereza, na mpaka leo watu wanabishana kilichompata. Kuna asubuhi huwa nina fununu zangu.

Betri nayo ina tabia ya jamaa wa harusini. Ukiwa huna shida nayo, imejaa. Siku ya shida, imepungukiwa. Kwenye nyuzi sifuri inapoteza karibu sehemu ya tano ya nguvu zake, na ndiyo saa hiyohiyo oili imekuwa nzito na injini inahitaji kuzungushwa kwa nguvu kuliko siku zote. Ukichomoa kijiti cha kupimia, oili haitiririki, inafikiria. Mwenye duka la vipuri anatuuzia ile nzito, ya namba moja tu, kwa sababu na yeye ameambiwa tuko nchi ya joto. Basi unapiga stata: injini inaguna mara moja, inapumzika, inaguna tena kwa sauti ya mtu aliyeitwa kwenye kikao cha ukoo. Halafu kinabaki kile kimlio cha "tik" ambacho kila mwenye trekta anakijua, na ambacho majirani pia wanakijua, maana ndipo wanapotoka majumbani.

Hapo ndipo kijiji kizima kinageuka mafundi. Wa kwanza anasema toa upepo. Hata ukimweleza kwamba dizeli inafika kwenye nozeli vizuri, yeye upepo tu. Akipewa spana atalegeza nati, atamwaga dizeli chini, atazifunga tena, atasema, "Sasa jaribu," na ukijaribu itasema "tik". Wa pili ni yule kijana mwenye kopo la dawa ya kupuliza. Huyo namfukuza kabisa. Injini ikizoeshwa kupuliziwa haitaki tena kuamka bila kopo, na ukiipulizia kwenye trekta lenye kile kifaa cha kupasha hewa kikiwa cha moto, unaweza kusikia mlipuko na pistoni ikaenda na ringi zake. Lakini kijana hasikii. Anasimama pembeni, kopo mfukoni, akisubiri nikate tamaa.

Wa tatu ni mama mmoja mtu mzima anayepita na mzigo wa kuni. "Kamwene," anatusalimu, anatua mzigo, anatutazama tunavyohangaika. "Mwanangu, kwani hamna makaa?" Tunanyamaza wote. Mama ana haki. Karai la makaa yaliyokwisha kukolea, likasukumwa chini ya sampo kwa muda, linafanya kazi kuliko maneno yetu yote. Cha muhimu ni kuhakikisha hakuna dizeli iliyomwagika chini, na hapo inabidi nimtazame yule bwana wa upepo.

Maji ya moto nayo yana wafuasi wake. Unatoa maji ya rejeta jioni, asubuhi unachemsha sufuria kubwa na kuyarudisha taratibu. Mke wangu hilo hataki hata kulisikia. Anasema kuni za nyumba hii zilikatwa kwa ajili ya watu, na kwamba hajawahi kuniona nikimchemshia yeye maji ya kuoga.

Dereva wangu muda wote huo hasemi neno. Amejifunika kitenge cha mkewe begani, ameshika kikombe, anangoja wataalamu wamalize. Yeye hulaza trekta mteremkoni, pua ikitazama bondeni, na jiwe kubwa chini ya tairi. Jioni zote nimezoea kumgombeza kwa nini haliingizi uani ambako ni salama. Sasa anapanda, anakanyaga klachi, anaingiza gia, anaamuru jiwe litolewe. Trekta linajiviringisha kimyakimya, watoto wanakimbia nyuma yake, anaachia klachi. Linapiga kishindo, linarusha moshi mweupe unaochoma macho, moshi wa dizeli iliyopita bila kuungua, linakohoa silinda moja, silinda mbili, halafu zote. Yule kijana anasema ni kwa sababu alipuliza kidogo nilipogeuka.

Ungedhani kero imeishia hapo. Ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu trekta likishawaka huku kwetu Julai halizimwi. Linabeba viazi kutoka shambani mpaka barabarani, ambako lori la Dar linasubiri na wanunuzi wanashindilia magunia ya lumbesa. Viazi vinashushwa, trekta linanguruma. Wanabishana bei, linanguruma. Dereva anakwenda kunywa chai kwa mama ntilie, analiacha nje likinguruma peke yake kama mwenye shughuli. Dizeli ni yangu. Nimekaa naye mezani, kila mngurumo nausikia mfukoni.

Juzi nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Kijana wangu, si ulizime japo tumalize chai?"

Akachovya chapati yake, akaitafuna mpaka ikaisha. "Sawa mzee, kalizime," akasema. "Ila hapa hapana mteremko."

Nikamwita mama ntilie atuongezee chai.