Wastani Hana Mke

Kila Ijumaa kabla jua halijazama natakiwa niwe nimetuma utabiri wa wiki. Nikichelewa, simu zinaanza: "Shehe, mbona kimya? Au nyota zimegoma?" Ushehe wangu si wa madrasa. Ni jina la utani walilonipa wenzangu kwa kumkumbuka marehemu Sheikh Yahya Hussein, mnajimu ambaye enzi zake watu walikuwa hawalali bila kujua kasema nini kuhusu mwaka unaoingia. Tofauti ni kwamba yeye alisoma nyota. Mimi nasoma majirani.

Tunachotabiri ni fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza. Unapewa pauni milioni 100 za hewani, unanunua wachezaji 15, wasizidi watatu kutoka klabu moja, unapanga 11 na kumvika mmoja unahodha ili pointi zake zihesabiwe mara mbili. Mtu ambaye kodi ya chumba kimoja Mtoni Kijichi inamtoa jasho utamkuta amekunja uso, analalamika kwamba beki wa Arsenal amepanda bei. Wengine hucheza kwa kulinganisha jumla ya pointi, sisi tunacheza ana kwa ana: kila wiki unapangiwa mtu wako, ukimshinda unachukua pointi tatu, mkitoka sare mnagawana mojamoja, mpaka wiki ya 38. Tuko 11, kuanzia Mbagala Rangi Tatu hadi Tegeta, wote zao la kijiwe kimoja cha kahawa pale Temeke kabla ndoa na kodi za nyumba hazijatutawanya.

Wanaojiona wataalamu hutabiri kwa kuangalia Haaland kafunga mangapi na Manchester City inacheza na nani. Hiyo ni kazi bure. Haaland wanaye wapinzani wote wawili, sasa atamsaidia nani? Ukitaka kujua nani atashinda kati ya Fundi na Konda, usiulize habari za Manchester. Uliza habari za Mbagala.

Mchukue Fundi. Anatengeneza friji Kizuiani, na mpira anaujua kuliko sisi sote. Lakini umeme ukicheza Ijumaa usiku, ukakatika na kurudi kwa kishindo, Jumamosi asubuhi baraza lake limejaa friji zilizoungua na akina mama wenye ndoo za samaki wanaoanza kutoa harufu. Vikosi vinafungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza. Mechi ya kwanza ya Jumamosi mara nyingi ni ya mchana, kwa hiyo mlango unafungwa saa saba au saa nane zetu, muda ambao Fundi yuko chini ya friji, mikono yote miwili imejaa grisi. Siku moja alimwambia mtoto wa mteja amtolee simu mfuko wa shati ambadilishie nahodha. Mtoto alikuwa mwaminifu, alibonyeza alichoambiwa, ila alibonyeza mstari wa juu. Nahodha akawa kipa. Kipa akafungwa manne, akabaki na sifuri, na sifuri hata uizidishe mara mbili haiondoki hapo. Nilikuwa nimeshaandika tangu Ijumaa: "Fundi atapoteza, nimesikia transfoma ikilia."

Konda yeye tatizo lake ni saa. Huku kwetu saa haisogezwi. Saa saba ni saa saba, masika na kiangazi. Waingereza wanairudisha nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba na kuipeleka mbele Jumapili ya mwisho ya Machi. Kwa hiyo ule mlango wa Jumamosi unaofungwa saa saba mchana mwezi wa tisa, mwezi wa kumi na mbili unafungwa saa nane. Konda akazoea saa nane. Akajipangia: tripu ya saa sita anaimaliza Rangi Tatu, anakula wali maharage kwa mama ntilie, saa saba na nusu anapanga kikosi chake kwa raha zake huku akichokonoa meno. Mwezi wa nne ukaingia. Amefika na kijiti mdomoni, kikosi kimefungwa tangu alipokuwa akisubiri chenji ya wali, na ndani kuna watatu wenye majeraha. Aliwalaani Waingereza kwa maneno ambayo hata stendi hayasemwi mchana.

Baadaye alikuja kunilaani na mimi. Kuna wiki nyingine niliandika kwamba atashinda, "kwa sababu Jumamosi hana kazi, yuko ukweni Kibiti, ana muda wote wa dunia". Utabiri ulikuwa safi na alishinda kwa pointi 20. Ila tajiri wake alikuwa ameambiwa kwamba Konda yuko kitandani na homa, na mmoja wetu 11 ni mtoto wa huyo tajiri. Gari lilikaa na konda mwingine wiki nzima, hesabu zikaletwa na mwingine, na wetu akakaa nje akitazama. Tangu hapo watu wameanza kunificha habari zao. Ukimuuliza mtu "Shemeji hajambo?" anakujibu "Za nini?"

Mwalimu ndiye rahisi kuliko wote kumtabiri, maana anapoteza kwa kanuni. Anafundisha hesabu na ana jedwali kwenye kompyuta lenye rangi nne. Mchezo unakupa badiliko moja la bure kwa wiki, na usipolitumia unaweza kuliweka akiba. Ukizidisha, kila mchezaji wa ziada anakula pointi nne. Mwalimu anaziita hizo nne uwekezaji. Jumamosi mchana, kabla mpira haujaguswa popote Uingereza, yeye keshaingia hasi kumi na mbili. Jumatatu anatuletea maelezo marefu kwamba kihesabu alistahili kushinda. Tumemshauri aisajili hoja hiyo shuleni kwake, hapa haina mnunuzi.

Aliyemmaliza kabisa ni Shemeji, mume wa dada yangu. Ijumaa moja kulikuwa na mechi ya saa nne usiku, kwa hiyo vikosi vinafungwa saa mbili na nusu, katikati ya foleni ya Kilwa Road. Shemeji yuko dirishani kwenye daladala, kidole kiko hewani, yuko tayari kumvua nahodha wake unahodha kwa sababu Mwalimu alikuwa amewatumia watu jedwali linaloonyesha mchezaji huyo amechoka. Mkono ukaingia dirishani, simu ikaondoka. Kikosi kikabaki kilivyokuwa. Yule aliyechoka akafunga matatu. Shemeji alipoteza simu ya laki tatu na kumpiga Mwalimu kwa tofauti ya pointi 30, na mpaka leo huwezi kujua kama anasimulia msiba au harusi. Fundi akapendekeza tumtafute mwizi tumpe ukocha.

Halafu kuna Mzee na Mwananchi, ambao kwao Uingereza ni tawi dogo la Kariakoo.

Mzee ni Simba. Si mzee kivile, ila anaanza kila sentensi na "enzi zetu", basi jina likamganda. Agosti mwaka 2025 Sunderland waliporudi Ligi Kuu, alinunua watatu wao siku ya kwanza na akakasirika kwamba sheria haimruhusu wa nne. Tukamuuliza kulikoni, hiyo si timu ya kushuka? Akatukumbusha, kwa sauti ya mtu anayewarithisha watoto shamba, kwamba klabu iliyozaliwa 1936 iliitwa Sunderland mpaka 1971 ndipo ikawa Simba, kwa hiyo yeye hanunui wachezaji, anawarudisha nyumbani. Nikaandika: "Mzee atapoteza, anapanga kikosi kwa kumbukumbu." Tarehe 16 Agosti Sunderland wakampiga West Ham tatu bila. Beki asipofungwa anapata pointi nne, akifunga goli anapata sita, na Mzee alikuwa na Ballard, beki aliyefanya yote mawili. Sauti alizotuma usiku ule sijazisikiliza zote. Moja ilikuwa ya ngoma tupu.

Mwananchi, kwa jina tu umeshajua, ni Yanga, na hanunui mchezaji anayevaa jezi nyekundu. Si utani. Liverpool, Arsenal, Manchester United, wote kwake ni Msimbazi wamejificha. Msimu wa 2024/25 Mohamed Salah wa Liverpool alifunga magoli 29, akatoa pasi za magoli 18 na kukusanya pointi 344, ambazo hakuna mchezaji aliyewahi kuzifikia kwa msimu mmoja tangu mchezo huu uanze. Sisi wote tulikuwa naye. Mwananchi alikuwa na msimamo. Kuna wiki nilikuwa siandiki hata sababu, naandika tu: "Mwananchi, Salah, pole." Timu pekee aliyowahi kuipenda kwa dhati ni Norwich, kwa ile njano na kijani, na Norwich iliposhuka ikiwa mkiani mwaka 2022 alikuwa nayo kikosini mpaka wiki ya mwisho, na hatukuthubutu kumpigia simu.

Lakini nisimcheke sana, maana Mbagala yote iliwahi kuugua ugonjwa huohuo. Januari 2020 Mbwana Samatta, mtoto wa Mbagala, alisajiliwa Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Tarehe 1 Februari, mechi yake ya kwanza ya ligi, akafunga kwa kichwa dhidi ya Bournemouth. Villa walipoteza mbili kwa moja, nani alijali? Shemeji alimvika unahodha usiku uleule. Sisi wengine tukafuata, hata Mwalimu alilifunga jedwali. Tarehe 1 Machi, Wembley, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, Samatta akaruka, akafunga kwa kichwa tena. Banda umiza tulilokuwepo lilinyanyuka, mabenchi yakalala chali, mtu akamwaga kahawa yote juu ya dekoda. Shemeji alikuwa analia na kuhesabu: goli la mshambuliaji nne, mara mbili nane... Ikabidi tumkalishe chini, tumweleze taratibu kwamba fantasi inahesabu mechi za ligi peke yake. Goli la Mtanzania pale Wembley, dunia nzima imeliona, thamani yake kwenye simu ya Shemeji ilikuwa sifuri. "Basi huu mchezo ni wa kikoloni," akasema, na banda zima likaunga mkono. Samatta hakufunga tena kwenye ligi msimu ule. Unahodha Shemeji hakumvua.

Nimesema tuko 11. Tungekuwa 12, ila mmoja alioa Julai akasema msimu huu anapumzika. Hapo ndipo balaa letu lilipoingilia. Ligi ya ana kwa ana ikiwa na watu witiri, mchezo wenyewe unawaletea mpinzani wa kujazia, na mpinzani huyo anaitwa Wastani. Hana kikosi wala nahodha. Kila wiki anapewa wastani wa pointi za wachezaji wote duniani, zaidi ya milioni kumi, na anayepangiwa naye lazima amzidi.

Tulidhani ni wiki ya mapumziko. Kumbe Wastani hakatikiwi umeme. Bando lake haliishi, saa ya Uingereza ikisogea yeye anasogea nayo, Yanga haijui, Simba haijui, na Jumamosi asubuhi hakuna anayemwambia ashike mtoto. Hawekezi pointi nne nne. Anakuja na hamsini zake, wakati mwingine arobaini na kitu, anakaa kimya, na mtu mzima mwenye jedwali la rangi nne anapigwa. Kumtabiri siwezi, hana jirani wa kumuuliza. Kumtoa pia haiwezekani. Ratiba ikishaanza hakuna anayeingia wala kutoka mpaka mwezi wa tano.

Sasa hivi Wastani ni wa tatu kwenye msimamo na tumeanza kugombana kuhusu mchango tuliotoa kwa ajili ya bingwa. Akiwa bingwa, nani anachukua hela? Mwalimu anataka kila mtu arudishiwe chake. Mzee anasema zipelekwe kwa yatima. Mshika fedha wetu, ambaye hela zimekaa kwenye simu yake tangu Agosti na hapendi kuulizwa salio, anaona busara zisubiri msimu ujao. Mwananchi ameuliza kama Wastani anavaa jezi ya rangi gani.

Wiki hii anakutana na Fundi. Jana usiku umeme ulikatika mtaani kwetu ukarudi mara tatu, na asubuhi guta limepita likielekea Kizuiani na friji mbili mgongoni. Nikaandika bila kusita: "Wastani atashinda kwa pointi kumi. Fundi hatakuwa na mkono wa kushikia simu."

Jibu likaja haraka kuliko kawaida yake. "Shehe, moja kati ya hizo friji si ni yako? Nianze na ipi, friji au kikosi?"

Nilikuwa bado nafikiria jibu. Mke wangu, aliyekuwa akisoma juu ya bega langu na ana kilo tatu za changu kwenye beseni, alichukua simu na kumwandikia mwenyewe: "Kaka Fundi, friji kwanza. Na huyo Shehe asikupigie mpaka jioni."