Utetezi wa Ziara ya Mnara

Wapo mahasidi hapa Mbulu wanaonung'unika kuwa wajumbe wa kamati yetu ya shule, kwa masurufu ya wazazi, wameazimia kwenda Kampala kuutazama mnara wa jengo kuu la Makerere. Nami nawatetea wajumbe kwa moyo mkunjufu, maana elimu, kama mvua, huanzia juu, na kwetu kilicho juu ni milima tu, ambayo kuitazama hakuna posho.

Jengo lile la mwaka 1941 liliungua Septemba 2020, likafunguliwa tena 2024. Kengele yetu, ile ringi kuukuu ya lori iliyofungwa kwa waya mtini na kugongwa kwa kipande cha nondo, haijapata kuungua hata mara moja, itapataje historia?

Tena watapiga picha, nayo itatundikwa ofisini, na wanafunzi wetu, kwa kuwa hukaa sakafuni, watautazama mnara kwa taadhima iupasayo, yaani kutoka chini kabisa.

Basi, enyi wazazi, leteni michango mapema: posho ya siku ya nne bado haijatimia.