Umati wa Watu Wanne
Umati wa kiitikio cha wimbo, ukirekodiwa nyumbani, huwa na watu wanne na maikrofoni moja. Wanne hao huimba, kisha hurudia mara saba zaidi juu ya walichokwisha kurekodi, na kwa hesabu hiyo chumba cha kulala kimeshabeba watu 32. Kunakili rekodi moja mara nane hakusaidii: huongeza ukubwa wa sauti tu, jambo ambalo mafundi wavivu bado hawajaarifiwa. Ndiyo maana kila mzunguko waimbaji hubadilishana nafasi. Mmoja hurudi nyuma hadi mlangoni, mwingine hubana pua, wa tatu huigiza sauti ya babu yake. Herufi “s” ya mwisho wa neno huachiwa mtu mmoja, la sivyo umati mzima husikika ukikaanga samaki. Anayetoka nje ya ufunguo wa wimbo hafukuzwi. Asipokuwepo, hiyo ni kwaya. Ili maikrofoni isinase rekodi za awali, spika huzimwa na hedifoni hugombaniwa. Mwangwi wa chumba, uliozuiwa kwa godoro lililoegemezwa ukutani, hurudishwa baadaye na kompyuta, ukiwa wa uwanja wa mpira, na jogoo wa jirani huhesabiwa miongoni mwa mashabiki.