Mjusi Hajalala

Mwanangu hajawahi kukataa kulala. Ukimwambia muda umefika anaitika "Haya baba" kwa adabu ya kukutoa machozi, kisha shughuli zake ndiyo zinaanza. Kwanza kiu. Maji yakishaingia yanataka kutoka, na chooni haendi peke yake kwa sababu mle ndani anaishi babu wa mamba. Mkirudi, ukamchomekea chandarua chini ya godoro pande zote nne, anakumbuka kwamba hicho si chandarua, ni jahazi, liko kati ya Kilwa na Mafia, na nahodha hasinzii kusi ikivuma. Juzi baharia alikuwa mimi, nimejikunja miguuni kwake, napiga kasia kwa kandambili.

Nikamtolea hesabu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataka mtoto wa miaka 3 na 4 apate usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, hata ule wa mchana ukiwemo. Walioandika hayo sidhani kama wamewahi kuviziwa na basi la shule Dar es Salaam. Sisi tunaamka saa 11 alfajiri, kwa hiyo ilitakiwa alale saa 1 usiku, wali ukiwa bado jikoni.

Hesabu haikumgusa. Alinyoosha kidole ukutani, karibu na taa.

"Mbona mjusi hajalala?"

Nikaeleza kwamba mjusi kafiri hana kope za kufumba. Macho yake yako wazi muda wote, na vumbi likiingia anayaramba kwa ulimi. Nahodha akajaribu, ulimi haukufika hata puani.

"Sasa tutajuaje kama amelala?"

Nikamwambia huyu yuko kazini, anavizia wadudu wanaofuata taa. Zamu yake ni ya usiku, mchana ndiyo anapumzika. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta, akalala papo hapo. Nilitoka chumbani natembea kifua mbele.

Alfajiri mama yake alimkuta amejibanza ukutani nyuma ya kabati, macho kayatoa pima, hapepesi.

"Vaa sare, basi linakuja."

"Mama, sisi mijusi mchana tunalala."

Honi ikalia getini. Mama yake hakumuuliza hayo kayatoa wapi. Alinigeukia mimi, nami nilikuwa nimeshaingia uvunguni, natafuta kiatu cha shule ambacho kilikuwa mezani.