Msiifute Mashine kwa Sababu ya Faili Moja: Waraka kwa Mafundi wa Kompyuta wa Mbulu na Hanang

Ndugu zangu mafundi wa Katesh, Mbulu mjini, Haydom, Dongobesh na Basotu,

Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe linatendeka hadharani, mezani penu, mbele ya wateja ambao huondoka wakiwashukuru. Nawaheshimu. Printa iliyojaa vumbi la kiangazi ikinguruma tena ni kwa mikono yenu, na mwalimu anayefunga mitihani usiku wa manane anajua namba ya simu ya nani apige. Ndiyo maana tabia hii moja inaniuma kuiona kwenu.

Mteja analeta kompyuta yenye Linux. Analalamika kwamba akibofya faili, inafunguliwa na programu isiyohusika. Mnaitazama dakika mbili, mnatikisa kichwa, mnasema, "Hii Linux ni shida, ngoja nikupigie Windows." Flashi inaingia, diski inafutwa, na jioni mteja anachukua mashine nyeupe, isiyo na barua zake wala picha zake, yenye Windows ambayo haikulipiwa leseni na mtu yeyote kati yenu wawili. Na ametoa hela.

Mfugaji wa Kibarabaig akimkuta ng'ombe wake ana kupe, humtoa kupe. Ninyi mnachinja.

Ngoja nieleze kosa lilipo, maana nina hakika wengi wenu hamfuti kwa ubaya. Mnafuta kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa nanyi akawaonyesha. Mtu anapobofya faili, Linux hujiuliza maswali mawili, na huyauliza mahali pawili tofauti. La kwanza: hii ni faili ya aina gani? Jibu huja kwa jina la aina, kama application/pdf au text/plain. Majina haya yana asili ya barua pepe: Nathaniel Borenstein na Ned Freed waliyapanga mwaka 1992 katika mfumo wa MIME, ili barua iweze kubeba picha na sauti na mpokeaji ajue amepokea nini. Swali la pili: aina hii inafunguliwa na programu gani? Jibu lake limeandikwa katika faili ya maandishi matupu iitwayo mimeapps.list, iliyomo ndani ya folda ya mtumiaji mwenyewe, katika .config. Maandishi matupu, ndugu zangu. Mstari mmoja. Ndio huo mnaoufutia diski nzima.

Chukueni kisa ambacho kila mwenye steshenari hapa amekutana nacho au atakutana nacho. Msimu wa kuripoti kidato cha tano, wazazi wanapanga foleni kuchapisha fomu za kujiunga. Fomu ni PDF, ina orodha ya fyekeo, jembe, shuka na karatasi ya kupimwa afya. Mhudumu anaibofya, na badala ya kisomaji cha PDF inafunguka GIMP, programu ya kuhariri picha, ikimuuliza anataka kurasa zipi. Mhudumu anaogopa. Mzazi aliyeshuka na basi kutoka Basotu anaogopa zaidi, kwa sababu anadhani fomu ya mtoto imeharibika. Haijaharibika. GIMP imejiorodhesha kuwa inaweza kufungua PDF, na ni kweli inaweza. Kisomaji kilipoondolewa, au jina lake lilipobadilika, yenyewe ndiyo iliyobaki mbele.

Hilo la jina kubadilika lisikilizeni vizuri, maana ndilo linalowapoteza wengi. Kila programu ina faili yake ya utambulisho yenye mwisho wa .desktop, na faili hizo zimekusanywa katika /usr/share/applications. Kisomaji cha Evince zamani kilijitambulisha kwa evince.desktop, baadaye kikawa org.gnome.Evince.desktop. Mashine iliyopandishwa toleo inaweza kuwa bado inalitaja jina la zamani. Mfumo unalitafuta, haulipati, haulalamiki, unasogea kwa programu inayofuata. Mteja anaona tu kwamba jana ilifunguka hivi na leo inafunguka vile, mnamwambia ni virusi, naye anaamini.

Fungueni dirisha la amri, mwandike:

xdg-mime query filetype fomu.pdf

Itajibu application/pdf. Kisha:

xdg-mime query default application/pdf

Ikijibu gimp.desktop, mmeshamjua mhusika. Mrudishieni mwenye kazi yake:

xdg-mime default org.gnome.Evince.desktop application/pdf

Kwenye Linux Mint kisomaji ni Xreader, kwa hiyo jina litakuwa jingine. Litazameni kwenye folda niliyoitaja msije mkaliandika kwa kukisia. Asiyependa kuandika amri abofye faili kwa kitufe cha kulia, achague kuifungua kwa programu nyingine, aweke alama ya kuitumia daima. Kazi imekwisha, na mzazi hajakosa basi la kurudi.

Kuna mkorofi mwingine, na huyu mara nyingi mnamleta ninyi wenyewe. Mteja anataka programu yake ya zamani ya Windows, mnamwekea Wine ya kuiendesha, mnaondoka. Kesho yake kila faili ya .txt inafunguliwa na Notepad ya Wine, na aina nyingine nazo zimehamia huko. Wine ina kipande kiitwacho winemenubuilder ambacho huandika faili mpya za utambulisho ndani ya .local/share/applications, kwa majina yanayoanza na wine-extension. Futeni hizo, hizo tu, kisha mwendeshe update-desktop-database juu ya folda hiyo. Halafu fungueni winecfg, kwenye ukurasa wa mambo ya dawati, mwondoe alama kwenye kisanduku kinachoiruhusu Wine kusimamia aina za faili. Anayeweka Wine bila kugusa kisanduku hicho, kisha akaja kutoza pesa ya kufuta mashine kwa vurugu iliyotokana nayo, ametoza mara mbili kwa kosa lake mwenyewe. Nalisema kwa upole, lakini nalisema.

Sasa niwape lililo gumu zaidi, maana hapa hata fundi mwangalifu huteleza. Siku ambazo tovuti imeelemewa na watu wote wanapakua kwa pamoja, mtu hupata faili iitwayo fomu.pdf ambayo ndani yake si PDF. Ni ukurasa wa wavuti wenye ujumbe wa hitilafu, umehifadhiwa kwa jina la PDF. Mtabadilisha programu hadi jua la Hanang lizame na haitafunguka, kwa kuwa Linux kwanza hutazama mwisho wa jina, na jina linadanganya. Hapo tumieni amri nyingine, inayosoma yaliyomo:

file --mime-type fomu.pdf

PDF ya kweli huanza na alama %PDF. Amri ikijibu text/html, msiiguse kompyuta, pakueni upya. Na kinyume chake kipo: waraka wa Word ukipoteza herufi za mwisho wa jina njiani, kwa kutumwa huku na kule, huenda ukaonekana ni zip na ukafunguliwa na programu ya kufungua faili zilizobanwa. Sababu ni kwamba docx kwa ndani ni zip kweli, inaanza na herufi PK. Urudishieni mwisho wa jina lake, .docx, na LibreOffice itaupokea.

Mkibaki na shaka, fungueni akaunti mpya ya mtumiaji kwenye mashine ileile, mjaribu faili ileile. Ikifunguka sawasawa, mfumo ni mzima na kosa limo ndani ya folda ya mtumiaji wa kwanza. Jaribio hili pekee lingewaokoa wateja wengi. Halihitaji intaneti, halihitaji flashi, halifuti kitu. Sijaona fundi wa huku akilifanya.

Mtaniambia, kama nilivyokwisha kuambiwa, kwamba Linux ni ya Wazungu na haina nafasi huku. Si kweli. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Na vukeni tu mpaka kuingia Karatu, ambako zamani kulikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu: Shule ya Sekondari Banjika imetumia kompyuta ndogo za Raspberry Pi, zinazoendeshwa na Linux, kupitia shirika la Powering Potential. Mashine hizi ziko kwa watoto wetu tayari. Swali lililobaki ni nani atazihudumia zikikorofisha, na hadi sasa jibu lenu limekuwa ni flashi ya kufutia.

Wanaotengeneza programu hizi nao wana deni. Mfumo unaoruka jina usilolipata bila kumwambia mtu chochote umeandikwa na watu ambao fundi wao yuko ghorofa ya pili. Hilo nitawaandikia wenyewe. Lakini wao hawakumfutia mteja picha zake.

Na hapa ndipo ninapokasirika. Desemba 3, 2023, tope la Mlima Hanang lilipita katikati ya Katesh, likaingia Gendabi na Jorodom, likaua watu na kuzoa nyumba. Baada ya siku ile, karatasi katika wilaya hii zina uzito mwingine. Kwa familia ambayo tope liliingia mpaka kabatini, cheti cha kuzaliwa kilichopigwa picha na kuhifadhiwa kwenye kompyuta ya shule au ya steshenari kinaweza kuwa ndicho pekee kilichobaki, pamoja na picha ya mtu ambaye hatapigwa picha tena. Fundi anayefuta diski katika wilaya hii bila kuuliza mna nini ndani hana haki ya kusema hakujua.

Kwa hiyo nawaomba haya. Kabla ya kufuta mashine yoyote, nakilini folda ya mtumiaji pembeni, na mumwonyeshe mteja kwamba ipo. Kabla ya hapo, endesheni amri zile. Mkitengeneza kwa mstari mmoja, tozeni bei ya ujuzi wenu. Hakuna atakayewalaumu, maana ujuzi ndio anaoununua. Na mteja akisema anataka Windows, mpeni, ni haki yake, ila aitake akijua kwamba mashine yake haikuwa mbovu.

Wale ambao mmeshawafutia, na hawakuwa na nakala, watafuteni. Waambieni waache kuitumia mashine hiyo leo, wasihifadhi kitu kingine juu yake. Kama ni diski ya kuzunguka na haijaandikwa sana, programu iitwayo PhotoRec, ambayo ni ya bure na inakwenda vizuri kwenye Linux, inaweza kuipitia diski nzima ikitafuta mianzo ya faili, zile %PDF na PK nilizozitaja, na kuziokota bila kujali majina yaliyopotea. Diski za SSD nyingi hazitarudisha kitu, msimpe mtu matumaini ya uongo. Asiyeweza kuiendesha aniletee hapa Katesh, aje na diski ya pili tupu ya kupokelea. Kazi hiyo sitoi risiti, kwa sababu simtozi mtu.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa somo la kompyuta, Katesh