Firigisi Haijawahi Kunifikia

Nina ugomvi na kuku. Si kuku mzima, ni firigisi yake.

Nilipokuwa mtoto hapa Gwarama, kuku akichinjwa kila mtu alijua fungu lake. Paja la mgeni, firigisi ya baba. Sisi watoto tulipewa shingo na miguu, pamoja na maneno ya kutubembeleza kwamba mtoto akila miguu ya kuku atakuwa na mbio. Ila kazi ya kuitengeneza hiyo firigisi ilikuwa yangu: kuipasua, kumwaga mchanga na punje za mahindi zilizosagika nusu, kisha kuibandua ile ngozi ya njano ya ndani kwa ukucha bila kuichana nyama. Nilikuwa fundi. Nikimaliza naikabidhi jikoni, naambiwa nikanawe mikono na nisisimame hapo. Nikajipa moyo kwamba zamu yangu ipo njiani. Nitaoa, nitazaa, nitakalia kile kiti, na mimi nitaletewa.

Nikaoa, nikazaa, nikakalia kiti. Siku ya kuku nikanawa mapema kabisa. Sahani ikaja ina paja. Nikauliza. Mama watoto akanijibu kwamba kliniki wamefundishwa lishe, vitu kama maini na firigisi apewe mtoto, vinaongeza damu. Nikasema hata mimi damu yangu si ya kutamba. Akasema, "Baba wa nyumba hii hajaambiwa aongeze damu, ameambiwa apunguze maneno." Nikala paja kama mgeni.

Watoto wakakua, wakatawanyika: Kahama, Mwanza, Dar es Salaam. Nikasema sasa tumebaki wawili, kuku ni wetu. Haikupita muda basi likaanza kushusha wajukuu. Mmoja mama yake amepata kazi ya zamu za usiku, mwingine baba yake "anajipanga kwanza," na wa tatu sijaelezwa mpaka leo. Yule mkubwa siku aliyofika, jirani zangu walikuja kumpokea kwa salamu zetu za Kiha, mwakeye, mikono inapigwa makofi taratibu, na habari za nyumbani haziulizwi mara moja zikaisha. Mtoto wa mjini akadhani anashangiliwa. Naye akapiga makofi, akainama kama mwanamuziki jukwaani. Wazee wakamwona ana adabu kuliko mimi.

Huyo huyo sasa ananiita mume wake. Ni utani wetu wa babu na mjukuu, siwezi kukasirika hadharani. Lakini kwa cheo hicho anaingiza mkono sahanini kwangu na kuchukua anachotaka, bibi yake akiangalia. "Mlishe mkeo mdogo," anasema, "usije ukaambiwa humtunzi." Baba yangu angeguswa sahani yake na mtoto, kijiji kizima kingejua siku hiyo.

Tuje kwenye hela. Zamani mimi ndiye niliyekuwa natoa matumizi, na kabla ya kutoa nilikuwa nauliza maswali. Sasa matumizi yanatoka kwa watoto kwa M-Pesa, na maswali yamehamia kwao. Tena hawatumi kwenye simu yangu. Wanatuma kwa mama yao, halafu wananipigia mimi kunijulisha: "Baba, hela ipo kwa mama." Nikienda kwa mama ananiuliza ya nini. Nasema ya vocha. Anauliza ile ya juzi imekwenda wapi. Mwanamke huyu mimi ndiye niliyemnunulia simu ya kwanza, na ndiye niliyemfundisha kuficha namba ya siri.

Wana kundi lao la WhatsApp la familia. Msimamizi wake ni kitinda mimba, mtoto niliyembeba begani kwenda kuchanjwa. Nilitolewa humo kwa kosa la kutuma picha nyingi za maua zenye maneno ya asubuhi njema, na nikarudishwa baada ya dada zake kuniombea. Katika kundi hilo ndipo ilipoamuliwa kwamba nisiuze maharage mara tu baada ya kuvuna, kwa kuwa bei itapanda mbele ya safari. Aliyetoa maelekezo hayo ni mtu wa Dar ambaye tangu amalize shule hajashika jembe. Nikatii. Bei ikapanda kweli, na ndicho kilichoniudhi zaidi.

Mwenzangu yeye amepanda cheo. Alipoolewa hapa aliamka kabla ya jogoo, akafagia uwanja, na mbele ya baba yangu alipita ameinamisha macho. Nilidhani naye atadhulumiwa kama mimi, kwa sababu mkwe tuliyempata, akija huku, anaamka jua likiwa juu ya migomba na anasalimia huku anatazama simu. Wapi! Wale wawili wameelewana. Wanakaa jikoni wanacheka mpaka ugali wa muhogo unashika sufuria, na nikipita wananyamaza. Mkwe amemletea mama mkwe vitenge viwili na mafuta ya miguu. Mimi nimeletewa dawa ya minyoo, wakasema nigawane na wajukuu.

Nikaona niegemee serikali. Sheria ya Mtoto ya 2009 imeandika vizuri kabisa kwamba mtoto ana wajibu wa kuwaheshimu wazazi na wakubwa zake, na kuwasaidia wakiwa na shida. Nikaenda nayo kwa kitinda mimba kwa sauti ya mahakamani. Akanijibu kwamba katika sheria hiyo mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na yeye amepita zamani. Kumbe walioshikwa na sheria ni hawa wajukuu, nao sheria hawajaisoma.

Basi nikajisogeza upande wa wazee. Nyumbani naitwa mzee asubuhi na jioni, hasa kunapokuwa na kitu ninachotaka nami sitakiwi kukipata: mzee usile chumvi, mzee usipande bodaboda usiku. Nikaenda hospitali moja, nikapanga foleni dirisha la wazee. Binti wa dirishani akatazama kitambulisho changu, akaniambia kwa upole kwamba kwa Sera ya Wazee ya 2003 mzee ni kuanzia miaka 60, kwa hiyo mimi bado kijana, nirudi foleni ile ndefu. Mtoto wangu si mtoto, na mimi si mzee. Hata Gwarama nayo tulilala ikiwa ya wilaya ya Kibondo, mwaka 2012 tukaamka ni ya Kakonko, lakini wilaya walau ilijengewa ofisi.

Mwisho nikapeleka mashtaka kwa shangazi, dada yake baba, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wetu sasa. Nilimweleza yote, nikimalizia na firigisi. Shangazi alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Hakuinua kichwa.

"Babu yako alipokwenda Tanga, firigisi alikuwa anakula nani?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Babu alikuwa manamba, kama Waha wengi wa wakati ule. Wakoloni waliifanya nchi yetu ya Buha kuwa ghala la vibarua, na mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wakaanzisha shirika lao la kuandikisha watu, SILABU. Wanaume wakatia sahihi kwa dole gumba, wakapandishwa treni ya reli ya kati, wakaenda kukata mkonge. Wengine walirudi na blanketi, wengine hawakurudi. Babu alikwenda, akarudi, akaenda tena. Kwa miaka hiyo bibi ndiye aliyegawa mbegu, aliyeamua mbuzi yupi auzwe, na ndiye aliyekaa kikao cha posa ya shangazi mwenyewe.

"Alikuwa anakula mama," shangazi akasema. "Anaichoma pembeni ya moto, anakula amesimama."

"Na babu aliporudi?"

"Meno aliyaacha Tanga. Mama akaendelea kula."

Kwa hiyo mila niliyoisubiri tangu nikiwa fundi wa kubandua ngozi ya njano ilikuwa ya mtu mmoja tu, baba yangu. Naye aliitunga akiwa amechoka kumwona mama yake akila. Kabla yake ilikuwa ya bibi, baada yake ikawa ya watoto wangu, sasa ni ya mke wangu mdogo mwenye miaka sita. Kesi nimeifuta. Shangazi akanipa maharage nichambue.

Limebaki moja tu, nalo ni ombi kwenu mlioko Dar, Mwanza na Kahama. Shule zikifungwa Desemba na mkaona vyema kutupakilia watoto kwenye basi, wapakieni na sabuni, unga na hela ya madaftari ya Januari. Na hela hiyo, safari hii, itumeni kwenye simu yangu.